Mkojo Upite Wapi?

Kijijini kwetu Lufingo hatuna kichocho. Vijito vyetu vinashuka kutoka mlima Rungwe, ambao kilele chake kinakaribia mita 3,000, na maji yake ni ya baridi na ya kasi. Konokono anayebeba ugonjwa huo anataka maji yaliyotulia na yenye joto. Huku kwetu mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, migomba inastawi hadi mlangoni, na mtoto anaweza kuchezea kijito utoto wake wote asiambulie zaidi ya mafua. Ndiyo maana wazee wetu waliihesabu damu kwenye mkojo kuwa ugonjwa wa waliosafiri. Walirudi nao vijana waliokwenda kulima mpunga mabondeni, waliokwenda migodini Afrika Kusini kwa mkataba wa Wenela, wakala wa kuajiri vibarua, na watumishi wa serikali waliohamishiwa Kanda ya Ziwa.

Baba yangu alikuwa wa kundi hilo la mwisho. Alizaliwa Lufingo, akasomea ualimu, na mwaka 1968 akapewa barua ya kwenda kufundisha shule ya msingi Kwimba, mkoani Mwanza. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwatawanya walimu kwa makusudi: Mnyakyusa akafundishe Usukumani, Msukuma akafundishe Mtwara, watoto wakue wakijua kwamba nchi ni moja. Naamini hadi leo kwamba sera ile ilitujenga. Lakini mimi pia ni mwalimu, nafundisha historia, na katika historia ya nyumba yetu barua ile ndiyo mwanzo wa saratani ya kibofu cha mkojo iliyompeleka baba kwenye meza ya upasuaji miaka thelathini baadaye. Nimefuatilia kwa muda mrefu mambo mawili: ugonjwa ule ulitoka wapi, na njia za tiba alizowekewa mbele achague zilitoka wapi. Nimekuta kwamba uamuzi alioufanya akiwa kwenye kiti cha hospitali ulikuwa umeandaliwa na watu wengi, wengine waliokufa kabla babu yake hajazaliwa.

Nianze na maji ya Kwimba. Usukuma ni nchi kame yenye ng'ombe wengi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kati ya 1947 na 1956, serikali ya kikoloni iliendesha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kuchimba malambo ili mifugo isife kwa kiu. Malambo yaliokoa ng'ombe. Yaliwapa pia makazi mapya konokono wadogo wa jamii ya Bulinus, ambao hata maji yakikauka hujizika kwenye tope wakasubiri mvua. Mwenye kichocho akikojoa majini, mayai huanguliwa, kimelea kikaingia kwenye konokono na kukulia humo, kisha kikatoka kutafuta ngozi ya mtu aliyesimama majini. Majaruba ya mpunga yakaongeza mahali pa kusimama. Mwaka 1966 watafiti wawili, Forsyth na Bradley, walichapisha taarifa ya kazi yao kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Uchunguzi wa eksirei wa miaka ile kwa wanafunzi wa ukanda huo ulionyesha watoto wanaokimbia vizuri uwanjani lakini ndani mirija yao ya mkojo imetanuka na figo zimeanza kuharibika.

Baba alifika Kwimba miaka miwili baada ya taarifa hiyo, na akalima jaruba, maana mwalimu asiyelima alikuwa akila mshahara wake wote dukani. Alikuwa akituhadithia kwa furaha jinsi wanafunzi wa Kisukuma walivyomfundisha kupandikiza mpunga: unarudi kinyumenyume, maji yakikufika katikati ya muundi, kidole gumba kikiusukuma mche kwenye tope. Wavulana wa darasani kwake walikojoa damu na hawakuona ajabu, kwa sababu kila mvulana waliyemjua alikojoa damu. Yeye mwenyewe alipoanza kuona matone mekundu mwishoni mwa mkojo, zahanati ilimpa vidonge vilivyougeuza mkojo wake kuwa wa kahawia iliyokoza. Kwa maelezo hayo naamini ilikuwa niridazoli, dawa iliyotumika sana kabla prazikwanteli haijatufikia. Damu ikakoma, naye akarudi jarubani.

Mnyoo mwenyewe anayeleta kichocho aligunduliwa mwaka 1851 na Theodor Bilharz, tabibu kijana wa Kijerumani aliyekuwa akipasua maiti katika hospitali ya Kasr el-Aini mjini Cairo. Dume na jike huishi wamekumbatiana kwa miaka ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na jike hutaga mayai yenye mwiba nchani. Mayai yanayokosa njia ya kutoka hunasa kwenye ukuta wa kibofu, na mwili huyazungushia kovu na chokaa. Ugonjwa ni wa kale mno: mwaka 1910 Armand Ruffer aliyakuta mayai hayo kwenye figo za maiti za Wamisri zilizokaushwa karibu miaka elfu tatu kabla. Mwaka uliofuata Ferguson, mtaalamu wa patholojia wa Cairo, aliandika kwamba saratani za kibofu alizokuwa akizikuta kwa wagonjwa wake wa Misri zilihusiana na kichocho. Hata hivyo ni mwaka 1994 tu ambapo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilimweka mnyoo huyu rasmi kwenye orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Wakulima wa Misri walikuwa wamekufa kwa vizazi na vizazi kabla ya karatasi hiyo kutiwa saini.

Saratani anayoizaa mnyoo huyu mara nyingi ni ya aina ya skwamasi. Ulaya na Marekani aina hii ni nadra: haifiki hata 5 katika kila saratani 100 za kibofu. Misri, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, ndiyo iliyokuwa aina kuu, na iliwapata watu wa miaka arobaini na hamsini, walio katikati ya kazi na malezi. Hapa Afrika Mashariki ilionekana hata pasipo kichocho. Dodge, aliyekuwa akichunguza uvimbe wa wagonjwa wa Kampala, alieleza mwaka 1964 jinsi saratani za namna hii zilivyowapata watu ambao mkojo ulikwama kwa miaka kwa sababu njia yake ilikuwa imezibwa na makovu. Kibofu kinachoudhiwa muda mrefu, kwa mayai au kwa mkojo uliolala, kinaweza kugeuka.

Kule kuwa nadra Ulaya na Marekani kuna gharama yake. Tiba kubwa za dawa na mionzi zilijaribiwa zaidi katika nchi ambako saratani ya kibofu ni ya aina nyingine, na skwamasi haizisikii sana. Mgonjwa wa Kwimba au wa bonde la Nile anabakiwa na kisu, na kisu hicho lazima kifike mapema.

Baba alihamishiwa Rungwe mwaka 1984, akajenga Lufingo, akapanda kahawa na migomba, akawa mzee wa kanisa. Jaruba la Kwimba likawa hadithi ya kuwachekesha wajukuu. Damu ilirudi mwaka 1997. Safari hii ilikuja na maumivu chini ya kitovu na haja ya kukojoa kila mara, usiku na mchana, na siku nyingine mkojo ulitoka na vipande vidogo vyeupe vya nyama iliyokufa. Hospitali ya wilaya ya Makandana, pale Tukuyu, ilimpa rufaa ya Mbeya, na Mbeya ikampa rufaa ya Dar es Salaam. Ulikuwa msimu wa El Niño, barabara zimekatika huku na huku, kwa hiyo tulipanda treni ya TAZARA, yeye akiwa amekaa juu ya taulo lililokunjwa.

Picha ya eksirei ilitueleza mengi kabla ya kipimo kingine chochote. Katikati ya nyonga kibofu chake kilionekana mduara mweupe, kama ganda la yai. Ilikuwa chokaa iliyojengwa na mayai ya Kwimba kwa miaka mingi, na upande mmoja mduara ule ulikuwa umevunjika, umeliwa. Wakapitisha darubini kwenye njia ya mkojo, wakakata kinyama, tukasubiri majibu ya patholojia. Yalipotoka, daktari wa mfumo wa mkojo, kijana kuliko baba, alituketisha sote watatu: baba, mama na mimi.

"Mwalimu, kibofu hiki hakifai tena. Tukikitoa chote, una nafasi nzuri. Tukikiacha, kitaziba figo na kukumaliza kwa maumivu."

Baba alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sawa, daktari. Sasa mkojo utapita wapi?"

Swali hilo liliwahangaisha wapasuaji kwa zaidi ya miaka mia moja. Kukitoa kibofu ni kazi ngumu, lakini inawezekana. Taabu ni kwamba figo haziachi kutengeneza mkojo. Bernhard Bardenheuer wa Cologne, Ujerumani, ndiye wa kwanza kukitoa kibofu kizima kwa sababu ya uvimbe, Januari 1887. Alishindwa kuipandikiza mirija ya mkojo mahali popote, akaiacha imwage ndani ya nafasi iliyobaki, na mgonjwa akafa baada ya wiki mbili. Miaka minne baadaye, mwaka 1891, Wamoraviani kutoka nchi hiyohiyo, wakiongozwa na Theodor Meyer, walifika chini ya mlima wetu na kujenga misheni ya Rungwe. Huwa nawaonyesha wanafunzi wangu tarehe hizo mbili pamoja, ili wasidhani kwamba tiba ilikuwa imekamilika Ulaya ikisubiri kuletwa kwetu ndani ya masanduku.

Wazo la kuupitisha mkojo kwenye utumbo lilikuwa la zamani zaidi. John Simon wa London alilijaribu kwa mvulana aliyezaliwa na kibofu kilicho wazi, na akaeleza habari zake mwaka 1852. Mtoto aliishi kama mwaka mmoja. Tatizo lilikuwa kwamba uchafu wa haja kubwa ulipanda kwenye mirija hadi kwenye figo. Mwaka 1911 Robert Coffey, mpasuaji wa Portland huko Marekani, alionyesha dawa yake: usiutoboe tu utumbo ukauchomeka mrija, bali uulaze mrija kwanza ndani ya ukuta wa utumbo, ili utumbo ukijaa uubane mrija wenyewe na kuzuia uchafu kurudi juu. Kwa njia hiyo mtu aliweza kuishi bila kibofu, akakojoa na kujisaidia kwa tundu moja. Maelfu walifanyiwa. Kisha madaktari wakaanza kuona kwamba utumbo hunyonya chumvi na tindikali za mkojo, damu inachachuka, madini ya potasiamu yanapungua, mtu anachoka bila sababu. Baada ya miaka mingi, saratani nyingine huweza kuota pale mrija ulipounganishwa na utumbo.

Mwaka 1950 Eugene Bricker wa St. Louis alieleza njia ambayo hadi leo inatumika kuliko nyingine zote katika nchi zenye uwezo. Unakata kipande cha utumbo mwembamba cha sentimita kumi na tano hivi, unaichomeka mirija ya mkojo upande mmoja, na upande wa pili unautoa nje ya tumbo, kulia kwa kitovu. Mkojo unadondoka usiku na mchana kwenye mfuko uliogundishwa ngozini. Ni operesheni salama zaidi kwa figo. Lakini inategemea kiwanda kinachotengeneza mifuko, gundi isiyounguza ngozi, duka linaloiuza, na fedha ya kununua mingine hii ikichakaa, kila wiki, hadi mwisho wa maisha ya mtu.

Wamisri, ambao ugonjwa ni wao, ndio waliofika mbali kuliko wote katika upasuaji huu. Mohamed Ghoneim alikijenga kituo cha figo na mfumo wa mkojo mjini Mansoura, kwenye delta ya Nile, kilichofunguliwa mwaka 1983. Mwaka 1997, mwaka uleule damu ya baba iliporudi, alichapisha matokeo ya wagonjwa 1,026 waliotolewa kibofu. Baada ya miaka mitano asilimia 48 walikuwa hai bila ugonjwa. Wengi walikuwa na saratani ya kichocho kama ya baba. Sijui kitabu cha tiba kinachostahili heshima yetu Waafrika kuliko taarifa ile. Mansoura, na kabla yao akina Camey Ufaransa na baadaye Studer huko Bern, walishona pia kibofu kipya cha utumbo na kukirudisha mahali pa kile cha zamani, mtu akakojoa kwa njia yake ya asili.

Daktari wetu hakumshauri baba kibofu kipya. Alieleza kwamba figo moja imekwisha kutanuka, kwamba mwenye kibofu cha utumbo huenda akalazimika kujipitishia mpira wa mkojo mwenyewe, na kwamba kutoka Lufingo hadi kwa mtaalamu wa kumfuatilia ni safari ya nchi nzima. Mionzi pale Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoanzishwa rasmi mwaka 1996 katika hospitali ya zamani ya Wajerumani kando ya bahari, aliiweka kama ya kupunguza maumivu iwapo upasuaji utashindikana. Zikabaki mbili: mfuko wa Bricker, au mkojo kwenye utumbo. Alizichora zote mbili kwa kalamu ya wino nyuma ya bahasha ya eksirei, na akasema wazi kwamba kama ni figo tu zingeamua, yeye angechagua mfuko. Kisha akaniomba nitoke nje, nikajua anataka kuwaeleza baba na mama lile ambalo binti hapaswi kuketi akilisikia. Kibofu cha mwanamume hutolewa pamoja na tezi dume, na kwa upasuaji wa wakati ule nguvu za unyumba kwa kawaida zilikwisha hapo. Mama aliniambia miaka mingi baadaye kwamba yeye ndiye aliyejibu kwanza, akasema: "Mimi namtaka mzima."

Uamuzi hatukuufanyia Dar es Salaam. Daktari aliwapa wiki kadhaa, na habari ikafika kwa ndugu Lufingo. Baba mkubwa, kaka yake baba, alipinga kabisa. Kwa wazee wa umri wake, tumbo lililopasuliwa lilikuwa la maiti. Godfrey na Monica Wilson, walioishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, waliandika juu ya desturi ya kumpasua marehemu ili ndugu waone ndani kama kifo chake kilikuwa cha Mungu au cha uchawi. Baba mkubwa alikuwa mtoto miaka hiyo na aliyasikia hayo nyumbani kwao. Baba alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwa Kinyakyusa kwamba safari hii wanaopasua watamkuta mgonjwa akiwa bado anaweza kuwashukuru. Baba mkubwa hakukubali, ila alitoa ng'ombe auzwe.

Kuhusu mfuko, kilichoamua ni mila na duka. Kwa mila yetu mkaza mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona anakuja, hupisha njia. Kanisa na shule zimelegeza mengi, lakini mkaza mwana wa Lufingo hawezi kumbandika baba mkwe kitu tumboni, wala kumwaga mkojo wake. Kaka zangu ndio waliokuwa nyumbani na wake zao. Mimi nilikuwa nimeolewa mbali. Angebaki mama, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kufifia kwa mtoto wa jicho. Nilizunguka maduka ya dawa ya Tukuyu nikiuliza mifuko hiyo, na wauzaji hawakuwahi kuiona. Mbeya niliambiwa huagizwa Dar es Salaam. Baba alipiga hesabu kama mwalimu: mifuko mingapi kwa mwezi, shilingi ngapi, nauli ngapi. Alipomaliza akasema atachagua njia ya Coffey, ingawa jina hilo hakulijua. Hakutaka kuketi kwenye baraza la kanisa akivuja.

Njia hiyo ina mtihani wake wa kuingilia. Kabla ya upasuaji muuguzi alimjaza baba kwenye utumbo wa haja kubwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, pungufu kidogo ya nusu lita, akamwambia ayashike. Kama misuli ya haja ni dhaifu, hakuna haja ya kuendelea, maana mtu atavuja maisha yake yote mahali pabaya zaidi. Baba alivaa koti lake, akatembea koridoni taratibu, akaketi, akasimama, akalala ubavu, akakohoa kwa makusudi. Alipita vitandani akiwasalimu wagonjwa mmoja mmoja na kuwauliza watokako. Saa mbili zilipotimia akamwambia muuguzi kwamba anaweza kuendelea hadi jioni. Wakampasua mwezi Machi 1998.

Aliishi miaka kumi na moja. Nitaisema miaka hiyo ilivyokuwa, kwa sababu waliofanyiwa hivi hawasemi na wanaofuata hawajui. Alikwenda chooni kila saa mbili au tatu mchana, na usiku aliamshwa na saa ya mezani, kwa sababu akilala fofofo godoro lililoa. Mama alilivalisha nailoni. Hakuthubutu kutoa upepo akiwa mbele ya watu, kwani hakujua kitakachotoka ni upepo au mkojo. Alimeza vidonge vya sodiamu baikaboneti ili kupunguza uchachu wa damu. Daktari alimwagiza ale vyakula vyenye potasiamu, hasa ndizi, na huku Rungwe maagizo hayo yalipokewa kwa shangwe. Alirudi kufundisha hadi alipostaafu. Aliketi kwenye baraza la kanisa kila Jumapili, karibu na mlango, na wengi walioketi naye hawakujua kitu hadi siku ya mazishi.

Saratani haikurudi. Figo ndizo zilizochoka, kama daktari alivyotabiri: homa za mara kwa mara, uvimbe wa miguu, kisha kupungua kidogo kidogo. Mwaka wa mwisho alikatazwa ndizi, kwa sababu figo zilizoshindwa haziwezi tena kuitoa potasiamu, na kumkataza Mnyakyusa ndizi ni jambo zito. Alifariki 2009, akiwa na wajukuu waliozaliwa baada ya upasuaji.

Nimeulizwa kama alichagua vibaya. Mansoura wangemshonea kibofu. Ulaya wangempa mfuko, na huenda figo zake zingedumu zaidi. Ethiopia, Hospitali ya Fistula ya Addis Ababa iliyoanzishwa na Reginald na Catherine Hamlin mwaka 1974, iliona kwamba akina mama waliogeuziwa njia ya mkojo hawawezi tu kurudishwa vijijini mbali na mifuko na wauguzi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikawajengea wenye majeraha yasiyotibika kijiji kizima, Desta Mender, nje ya jiji. Hapo ndipo ukubwa wa jambo unapoonekana: operesheni ni ya siku moja, lakini mfuko unahitaji kijiji. Baba alijua kijiji chake kina nini na hakina nini. Alichagua sawasawa kwa mtu wa Lufingo wa mwaka 1998, na namheshimu kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote alilowahi kulifanya.

Mengine yamebadilika tangu wakati huo. Katikati ya miaka ya 2000 mpango wa taifa ulianza kugawa prazikwanteli shuleni, watoto wakipimwa urefu kwa fimbo iliyotiwa alama ili kila mmoja apate idadi yake ya vidonge. Wapasuaji nao wameiboresha njia ya utumbo: wataalamu wa Mainz, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walianza kuupasua utumbo kwa urefu na kuushona upya uwe mpana, ili shinikizo lishuke na figo zipumzike.

Walimu, wauguzi na mabwana shamba wa Rungwe waliofanya kazi Kwimba, Misungwi na Maswa miaka ile ya baba sasa ni wastaafu. Ukiona damu kwenye mkojo, au ukikojoa kwa maumivu kila mara, usikubali kutibiwa uchafu wa mkojo mara ya pili na ya tatu bila kupitishiwa darubini. Mtajie daktari mahali ulipofanya kazi, hata kama ni miaka arobaini iliyopita. Huku baridini hawezi kukisia. Ukiambiwa kibofu kitolewe, nenda na mkeo au mumeo, na muulize yote kabla ya kutia saini, pamoja na yale ya chumbani. Na kwa wenye dhamana ya dawa za nchi hii nina ombi moja: mifuko ya mkojo ifikishwe hadi hospitali za wilaya, Makandana ikiwemo, kwa bei ambayo mwalimu mstaafu anaimudu kila mwezi.